Mwalimu aliyekataa kufuta majina tisa

Kolwezi, Julai 1993

Saa sita kasoro dakika moja mchana, Mama Godelieve Mbayo anavua kitambaa chake cha kichwa, anakizungusha kwenye kiganja ili boliti anayogongea isimchubue, kisha anaanza kugonga.

Anagonga kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya kwenye boriti ya ghala la zamani la mizigo, hapa kituo cha treni. Kina urefu wa mkono wa mtu mzima. Anakigonga haraka haraka, bila kuvuta pumzi, huku midomo yake ikihesabu. Mzee mmoja mwenye jino bovu anashika shavu na kuguna. Mama Mbayo haachi mpaka afike thelathini.

Karibu naye, juu ya godoro lililokunjwa, ameketi msichana wa miaka kumi aitwaye Kanku. Mbele yake pana sahani ya bukari, ugali wa hapa, na sombe kidogo, mboga ya majani ya muhogo. Hatazami sahani. Hamtazami mtu. Anachezea vishikizo vya sweta yake.

Mlio unakatika. Ghala zima, lenye watu zaidi ya arobaini wanaoishi kati ya masanduku na magodoro yao, linanyamaza. Wanawake wameacha kuchambua mboga. Wote wanamwangalia mtoto mmoja.

Kanku ananyoosha mkono, anakata tonge, anachovya, anakula.

"Unaona?" Mama Mbayo anamwambia mwandishi huyu, anayemwita tata, yaani baba, akijipangusa jasho ingawa baridi ya Kolwezi mwezi huu inaingia mpaka kwenye mifupa. "Siku kumi na moja, tata. Bamingi balisema hataweza. Andika ile: siku kumi na moja."

Imeandikwa.

Kwa msomaji aliye mbali na hapa, ni vizuri aelezwe mambo yalivyo. Tangu mwezi wa tatu familia zenye asili ya Kasai, mkoa wa jirani, zinafukuzwa Kolwezi. Babu zao waliletwa kwa treni kuchimba shaba. Wao wanaambiwa wapande treni hiyo hiyo warudi "kwao", mahali ambapo wengi hawajawahi kukanyaga. Wametolewa kazini, wametolewa majumbani, na sasa wanalala kituoni wakingoja behewa. Treni huja inapotaka. Wapo waliongoja wiki tatu, wapo waliongoja miezi mitatu. Wapo waliozikwa wakingoja.

Kampuni ya shaba iliyokuwa ikiulisha mji huu nayo iko taabani. Mgodi mkubwa wa chini ya ardhi uliporomoka miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo mashine zinanyamaza moja baada ya nyingine. Watu wenye njaa wakatafuta wa kumlaumu, wakamwona jirani.

Mama Mbayo hafukuzwi na mtu. Ana miaka arobaini na mitatu, ni Mkatanga, mwenyeji wa mkoa huu, wazazi wake walitoka kaskazini na kanisa lao ni la Kiprotestanti. Angeweza kukaa nyumbani kwake, mtaa wa Manika, kukaanga mikate yake ya kuuza asubuhi, na kufunga mlango. Badala yake kila siku anatembea kwa miguu hadi kituoni, kufundisha.

Sababu ya haraka ni huyu Kanku. Safari ya kwenda Mwene-Ditu, huko Kasai, huchukua siku tano, ikienda vizuri. Ndani ya behewa la mizigo lenye watu mia, hakuna nafasi ya kumlaza mtoto na kummiminia uji kwa nguvu. Asipokula kwa mkono wake mwenyewe, huenda asifike.

DARASA LA STOO

Mwaka 1981 Mama Mbayo alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza lenye watoto hamsini na wanane. Watano kati yao walikaa benchi la nyuma, na kazi yao ilikuwa kunyamaza.

"Mumoja hakusikia, mumoja alikuwa anaanguka-anguka, bengine balichelewa tu kuelewa," anakumbuka. "Minauliza directeur, mukubwa wa masomo: hawa banafanya nini hapa? Akanijibu: banangoja. Banangoja nini? Hakujua."

Akaomba stoo ya madawati mabovu. Akaifagia, akaipaka chokaa, akawahamishia watano wale. Mwaka huu stoo ile ilikuwa na watoto ishirini na watatu.

Silaha yake ni karatasi. Kila mtoto ana karatasi moja iliyokunjwa mara nne, na kila mwanzo wa mwezi Mama Mbayo huketi na mzazi kuiandika upya. Sehemu ya kwanza inasema mtoto anajua nini. Ya pili, kinachomsaidia. Ya tatu, watakachojaribu mwezi huo, kimoja tu, si viwili. Ugonjwa hauandikwi.

"Ugonjwa ni kazi ya munganga," anasema. "Mi ni mwalimu. Ukiniambia mutoto ni kiziwi, bado haujaniambia nimukalishe wapi."

Kanku aliletwa akiwa na miaka sita. Hasemi. Anasikia kijiko kikianguka nyumba ya tatu. Hakuwa akila kwa mkono wake hata siku moja. Mama yake, Tshiela, alikuwa akimlisha kwa kumbana mdomo, na wote wawili wakiishia kulia.

Mama Mbayo alimtazama wiki mbili bila kumgusa. Akaona kitu. Kila saa sita, sirena ya Kampuni, king'ora cha saa za kazi, ilipolia juu ya mji, Kanku aliacha kujitikisa, akainua kichwa, akatulia. Siku iliyofuata mwalimu akaweka sahani mbele yake dakika ile ile sirena iliponyamaza. Baada ya mwezi mtoto akawa anakula mwenyewe. Baadaye sirena ya asubuhi ikawa ya kuvaa viatu, na ya jioni ikawa ya kuoga.

"Nilijiona na akili mingi sana," anasema, na kucheka kwa uchungu. "Kila mugeni aliyekuja, namuonyesha: tazama, Kampuni inanifundishia bule!"

Tatizo ni kwamba sirena hailii yenyewe. Kwa miaka kumi na tisa ilikuwa kazi ya mtu mmoja, Tata Mukendi, aliyeketi kwenye kibanda chenye saa ya ukutani na kuvuta mkono wa chuma. Tata Mukendi asili yake ni Kasai. Mwezi wa nne alitolewa kwenye kibanda chake. Aliyewekwa mahali pake akachelewa nusu saa, kesho yake akapiga saa tisa, na wiki haikuisha sirena ikanyamaza kabisa. Mji ulifurahi kumfukuza mtu, ukajikuta umeifukuza saa yake.

KALAMU NYEKUNDU

Mwezi wa tano afisa mmoja wa elimu, Tata Barnabé, alimwita Mama Mbayo. Alitaka orodha ya watoto wa darasa la msaada kwa mwaka wa masomo unaokuja, pamoja na mpango wa kila mmoja. Ni jambo la kawaida, hufanyika kila mwaka. Safari hii kulikuwa na nyongeza.

"Uandike tu batoto ba hapa, mama," alimwambia.

"Ba hapa ni banani?"

"Unajua muzuri. Usinitaabishe."

"Mi najua Kanku alizaliwa ku hospitali ya hapa, nilienda kumuona akiwa na siku mbili. Weye ulizaliwa wapi, tata?"

Tata Barnabé alizaliwa Manono, mbali sana na Kolwezi, na alikuja huku akiwa kijana wa miaka ishirini. Mwandishi huyu alipomuuliza kuhusu mazungumzo hayo hakuyakana. Alikunja uso tu akasema: "Mi nafuata ordre ya bakubwa. Kama hapana mi, ni mungine." Kisha akauliza kama jina lake litatajwa.

Mama Mbayo alipeleka orodha yenye majina ishirini na matatu. Ikarudishwa ikiwa na majina tisa yaliyokatwa kwa kalamu nyekundu. Akainakili upya, majina ishirini na matatu. Ikarudi nyekundu. Mara ya tatu akaipanga vingine: yale majina tisa akayaandika kwanza, juu kabisa, la Kanku likiwa namba moja.

"Niliona anachoka kushuka chini na kalamu yake, maskini," anasema, bila hata kutabasamu. "Nikamusaidia."

Jumatatu moja ya mwezi wa sita alikuta kufuli kwenye mlango wa stoo. Ubaoni mtu alikuwa ameandika kwa chaki "Bilulu", yaani wadudu. Ndilo jina wanaloitwa watu wa Kasai siku hizi, mchana kweupe, na watu wazima waliosoma.

Madaftari, picha na madawati vilibaki ndani. Nje kilikuwepo kitu kimoja tu: kipande cha reli kilichotundikwa kando ya mlango. Alikileta baba yake Kanku, Tshiamala, fundi wa karakana ya Kampuni, mwaka aliomwandikisha binti yake, akikifunga nyuma ya baiskeli. Hakikuwa kikitumika sana, kwa kuwa sirena ilikuwepo. Mama Mbayo akakifungua, akakibeba kichwani.

"Balifunga nyumba," anasema, akiliita darasa kalasa. "Kalasa hawakuifunga. Kalasa ni batoto na mi."

KOSA

Watoto tisa wa Kasai walikuwa tayari kituoni na wazazi wao. Mama Mbayo alikuwa amewaandikia karatasi za safari, ili popote watakapofika, mwalimu asiyewajua asianze na benchi la nyuma. Alijivunia karatasi hizo. Alikwenda kuzigawa siku ile ile aliyokuta kufuli.

Alimkuta Kanku amelala chini, midomo imekauka. Ilikuwa siku ya tatu tangu familia yake ihamie ghalani. Siku zote tatu hakugusa chakula. Pale mtaani kwao, tangu sirena iache kabisa kulia, Tshiela alikuwa akimlisha mezani mahali pale pale, kwa saa ile ile, na mtoto alikubali kidogo. Ghalani hapakuwa na meza, wala mahali pake, wala sirena.

"Bantu ba maombi balikuja," anasimulia Tshiela. "Balisema mutoto iko na pepo. Bakamuwekea mikono, akalia mpaka sauti ikaisha. Mi nilikuwa namusukumia uji na kijiko, namubana pua. Mutoto wa miaka kumi, mama yake anamubana pua."

Mama Mbayo akafungua karatasi ya Kanku ili amwonyeshe Tshiela la kufanya. Akasoma mwandiko wake mwenyewe, alionakili bila kufikiri kutoka karatasi za zamani: "Sirena ya saa sita ikilia, weka sahani mbele yake."

Hakumaliza mstari.

"Nilishikwa na haya," anasema. "Sirena gani? Hapa imekufa. Na kule Kasai, nani atamupigia sirena? Nilimuandikia mutoto wa safari karatasi ya mutu mwenye kushala, mwenye kubaki nyumbani."

Akazisoma zote tisa pale pale, amesimama. Zote zilikuwa na kosa lile lile. Mmoja alihesabu kwa namba za mabasi ya Kampuni. Mwingine aliijua siku ya Ijumaa kwa sababu baba yake alirudi na mgao wa unga. Watu wa mji huu wamezaliwa, wamelazwa, wamefundishwa na kuzikwa na Kampuni, na hata mwalimu wao mkaidi kuliko wote hakufikiri kuna mahali duniani ambapo Kampuni haipo.

Akazichana zote. Akajiwekea sharti ambalo sasa analirudia kwa kila anayemsikiliza: jambo lisiloweza kubebwa na mtoto mwenyewe au mama yake, lisiandikwe.

SIKU KUMI NA MOJA

Kesho yake akatundika chuma ghalani. Saa sita akakigonga mara kumi na mbili, taratibu, kama wanavyoita watoto shuleni, na kuweka sahani. Kanku hakugeuka. Ikawa hivyo siku ya pili, ya tatu, ya nne. Tshiela akaendelea na kijiko na uji, na mtoto akaendelea kukonda.

Siku ya tano wanawake hao wawili waligombana mbele ya watu.

"Mama Mbayo, weye unarudia kwako ku Manika, unalala ku kitanda!" Tshiela alimfokea. "Mi nashala na mutoto anakufa. Acha nimulishe sawa ninavyojua."

"Ku treni utamulisha vile? Na bantu mia juu yako?"

"Basi atakufa ku treni! Utaandika nini ku karatasi yako?"

Mama Mbayo anasema alitoka nje, akakaa juu ya reli, akalia. Halafu akarudi ndani na kumwomba Tshiela siku saba tu. Saa sita ya kesho yake Tshiela alileta sahani mwenyewe.

Msaada ulitoka kwenye mkeka wa kona. Mzee mwenye jino bovu, aliyekuwa akiguna kila chuma kilipolia, siku ya saba uvumilivu ulimwishia.

"Mama, unapiga sawa kengele ya kanisa!" alipaza sauti. "Sirena haina kupumua. Na haina kumi na mbili. Yangu ilikuwa secondes trente, makumi tatu. Hapana ishirini na nane, hapana makumi tatu na moja. Trente!"

Alikuwa Tata Mukendi, yule wa sirena. Alikuwa amelala ghala moja na mtoto ambaye kwa miaka minne alikula kwa mlio wa sirena yake, na hakuna aliyejua.

Kesho yake mzee akavua saa yake ya mkononi, akaketi karibu na chuma na kuinua kidole. Saa sita kamili akakishusha. Mama Mbayo akagonga mfululizo, haraka, mpaka bega likawaka moto, na kidole kilipoinuka akaacha. Katika kimya kile Kanku aliinua kichwa.

Hakula. Lakini aliinua kichwa, na Tshiela akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Siku ya tisa aligusa ukingo wa sahani. Siku ya kumi alikata tonge akalirudisha. Siku ya kumi na moja alikula matonge matatu, akapangusa vidole kwenye sweta na kulala. Tata Mukendi alidai hadharani kwamba kazi yake amerudishiwa, na kwamba safari hii hakuna wa kumtoa.

Wakati huo darasa lilikuwa limekua. Wazazi sita wa Kikatanga kutoka Manika, kati ya kumi na wanne waliobaki mjini, walianza kuwaleta watoto wao kituoni. Wengine wanane waliogopa, na Mama Mbayo hawalaumu sana. Nyumbani kwake madirisha mawili yamevunjwa kwa mawe. Mume wake, Stany, aliyekuwa dereva wa Kampuni, aliambiwa amfunge mke wake kamba.

"Nilibajibu: kamba iko wapi, mulete," anasema Stany. "Mi nimemushindwa miaka makumi mbili. Muje mujaribu benyewe."

CHUMA KINA MWENYEWE

Jumatano jioni habari zikaja: treni ipo njiani, itaondoka Alhamisi asubuhi. Familia ya Kanku na Tata Mukendi wamo kwenye orodha ya behewa la nne.

Likazuka swali ambalo hakuna aliyelifikiria. Chuma ni kimoja. Watoto sita wa Manika nao wameshakizoea.

Tshiamala, kama fundi, alitaka kukikata katikati kwa msumeno. Tata Mukendi akatikisa kichwa: chuma kifupi sauti yake ni nyingine. Wakaokota kipande kifupi kando ya njia ya reli wakajaribu. Kililia juu, kwa ukali. Kanku aliziba masikio, akaisukuma sahani ikapinduka.

Mama Mbayo akapanda juu ya sanduku na kuanza kufungua waya wa kile kirefu.

"Hapana, mama," Tshiamala alimzuia. "Hii ni ya masomo. Mi niliipatia masomo."

"Njo maana inaenda na mwanafunzi."

"Na bale batoto ba Manika?"

"Bale bataniona mi kila siku. Tutajifunza mulio mungine pamoja. Kanku hana ile bahati."

Tshiamala ni mtu mrefu, mwenye mikono ya fundi. Alikipokea kile chuma kwa mikono miwili, akageukia ukuta.

Karatasi mpya ya Kanku, moja ya zile tisa zilizoandikwa upya, imeshonewa ndani ya gauni la Tshiela. Upande mmoja ni Kifaransa, kwa ajili ya mwalimu atakayempokea. Upande wa pili ni lugha ya Kasai, kwa ajili ya bibi yake Kanku aliye huko. Tshiela ndiye aliyetamka na Mama Mbayo akaandika asichokielewa, herufi kwa herufi. Mwandishi huyu aliruhusiwa kuisoma. Inasema hivi:

"Kanku anasikia vizuri kuliko wewe. Anahesabu hadi arobaini kwa vishikizo. Saa sita kamili gonga chuma mfululizo kwa sekunde thelathini, kisha nyamaza. Usimwambie ale. Akikataa, usimpige, kwanza angalia saa yako. Chuma kikipotea, tafuta kingine kizito, uanze upya. Vumilia. Itachukua siku kumi na moja."

Alhamisi treni imejaa tangu saa mbili asubuhi. Watu wamekaa juu ya mizigo, na mizigo imekaa juu ya watu. Saa nne haijaondoka. Saa tano haijaondoka. Askari wanazungukazunguka, na hakuna anayejua dereva yuko wapi.

Saa sita kasoro robo Mama Mbayo anatoka kwenye jukwaa, anavuka njia mbili za reli na kwenda kusimama mbali, kando ya rundo la mataruma. Mwandishi huyu anamuuliza kwa nini asikae karibu na behewa, kwa kuwa treni bado ipo.

"Karibu nifanye nini?" anajibu kwa ukali. "Kama anakula sababu niko pale, karatasi yangu ni bule. Karatasi muzuri ni ile yenye kufanya kazi kama mi siko."

Amefunga mikono kifuani.

Saa sita kamili, kutoka ndani ya behewa la nne, chuma kinalia. Haraka, mfululizo, bila kupumua. Jukwaa zima linageuka. Mama Mbayo anahesabu kwa midomo, kama kawaida yake. Kwenye ishirini na nane anafumba macho. Thelathini. Kimya.

Hakuna kinachotokea kwa muda mrefu sana. Kisha mlango wa behewa unafunguka kiasi cha kupitisha mkono, na mkono wa Tshiela unatokea ukiwa umeshika sahani. Anaigeuza juu chini ili ionekane na mtu aliye mbali. Haidondoki hata punje.

Mama Mbayo anapiga ukelele unaomfanya askari mmoja ashike bunduki. Hamjali. Anaruka juu ya taruma na kupunga kitambaa chake, mwanamke mzima wa miaka arobaini na mitatu, huku machozi yakimtoka.

Treni inaondoka saa nane na nusu.

Baada ya behewa la mwisho kupotea, anawakusanya watoto wake sita. Kila mmoja anapewa boliti. Wanatembea kufuata njia ya reli wakigonga kila kipande cha chuma wanachokiona, wakisikiliza, wakibishana. Bado hawajapata kinachowapendeza wote. Mwalimu anasema hana haraka, ana hadi mwezi wa tisa.

Mwezi wa tisa anakusudia kufungua darasa. Kama kufuli litakuwepo bado, ghala halina mlango, kwa hiyo halifungiki. Watoto wanane walioogopa atawafuata nyumba kwa nyumba. Orodha ya mwaka unaokuja imo ndani ya mfuko wa koti lake, na kesho asubuhi anaipeleka kwa Tata Barnabé kwa mara ya nne.

Majina ni ishirini na matatu. Mbele ya yale tisa, penye nafasi ya kuandika mtoto yuko wapi, ameandika: "Safarini. Kiti chake kipo."

Na Tata Barnabé akichukua tena kalamu nyekundu?

"Achore," anasema Mama Mbayo, akikunja karatasi mara nne. "Akiisha kuchora, mi naandika tena. Na Kanku njo namba moja."